Jenga Sauti Inapofika

Mwanangu Zuhura,

Pokea kwanza salamu za baba yako, zile unazozipata kila asubuhi ukinipa shikamoo, na nyingine ambazo sijawahi kuzitamka. Nimekaa ukumbini na kibatari kinatoa moshi. Wewe uko chumba cha pili. Nakusikia unakunja khanga zako, unazikunjua, unazikunja tena. Somoe ameniita nikale. Nimemwambia atangulie, naye akasema, "Bwana Karani, wali ukipoa usimlaumu mpishi," kisha akaufunika kwa kawa na kukaa pembeni yangu bila kula.

Sitaandika habari za chumvi, mbegu wala jembe. Hayo mama yako Somoe amekwisha kuyafunga kwenye mzigo na kuyarudia kwa mdomo hata umechoka kuyaitikia. Mambo ya unyumba umefundwa na somo wako, na si kazi ya baba. Ninalotaka kukuambia liko katikati ya hayo mawili, na kwa kuwa liko katikati, hakuna aliyepewa kazi ya kulisema. Mdomo wangu una haya mbele yako. Karatasi haina.

Ni habari ya mahali mtakapojenga.

Jana alasiri mumeo Athumani alikaa kibarazani akanichorea mchangani bonde la Namitonga, mnakokwenda. Akachora mgongo wa kilima, ambako zile nyumba nyingine mnazofuatana nazo zitajenga. Kisha akachora mto chini yake, na kando ya mto akakichomeka kijiti.

"Sisi hapa, baba."

"Mbali na wenzenu?"

"Si mbali. Ni kushuka tu. Udongo mweusi, na maji ya mbuzi karibu. Halafu tutakuwa peke yetu. Kule juu ukikohoa tu, mtu anakuuliza umekula nini."

Somoe alicheka kidogo. Wewe ulikuwa unapepeta ufuta kwenye ungo. Ulitabasamu, ukainama, na tabasamu likaondoka kabla hujamaliza kuinama. Nililiona tabasamu lile na nikaiona namna lilivyoondoka, na tangu hapo sijatulia.

Tabasamu lenyewe, la mtu aliyependa, nalijua kwa sababu mimi mwenyewe nimelivaa tangu nilipomwoa Somoe, na mwaka bado haujatimia. Utanisamehe nikieleza kwa kirefu, maana nikianza kumtaja sijui kuishia. Marehemu mama yako nilimpenda kwa heshima na kwa ukimya, nikidhani ndivyo apendavyo mtu aliyesoma sekondari. Mungu alipomchukua nilibaki forodhani Kilwa Kivinje nikisimamia magunia ya watu wengine, nikiamini kwamba moyo wangu umefungwa na kupigwa lakiri. Kisha nikatumwa Mchinga kwa kazi ya siku chache, nikamkuta mwanamke anabishana na beberu katikati ya njia. Beberu amekaa chini, hataki kwenda. Nikaingia kusaidia, nimevaa koti na viatu. Nikashika pembe, nikavuta, nikaanguka.

"Bwana," akaniambia, "huyo si mlango."

Akamkuna beberu nyuma ya sikio, beberu akainuka, wakaondoka wote wawili bila kunitazama. Nilirudi Kivinje na maneno hayo kifuani kama mtu aliyepewa hirizi. Mwezi ule nilikosea kazi hata mkubwa wangu akaniuliza kama nina homa. Nilipoacha kazi nikaja huku kwao, wenzangu walisema nimerogwa. Nikawajibu kwamba kama huu ndio uchawi, mchawi na aendelee. Kwa desturi ya watu wa hapa mwanamume ndiye anayehamia ukweni, nami nikahamia na sanduku langu la bati. Naupenda mwanya wake. Napenda mikono yake inavyonukia ufuta uliokaangwa. Akitangulia mbele yangu shambani nasahau kulima, na akigeuka akanikuta nimesimama ananiuliza kama nasubiri meli.

Shuleni tulifundishwa kwamba kuna mkulima na kuna mfugaji, kana kwamba ni watu wa mataifa mawili. Forodhani niliandika "mkulima" mbele ya majina ya watu bila kuwaza, kama mtu anavyoandika "hana kazi". Hapa nimejifunza kwamba mtu akisema ni mkulima amekwisha kuwataja na mbuzi wake, kuku wake na mbwa wake, na ng'ombe pia angewataja kama mbung'o wangewaacha waishi. Nimejifunza na jambo la pili. Mtama unamwita nguruwe. Nguruwe anamwita simba. Simba akifika anawakuta mbuzi, na juu ya mbuzi amelala mwenye mbuzi. Mkulima amejizungushia vitu ambavyo kila mnyama wa mwituni anavitaka. Haokolewi na ushujaa wake. Anaokolewa na jirani.

Msimu uliopita ulikuwa bado kwa shangazi yako Kivinje, kwa hiyo hukuona tunavyolinda. Mtama ukianza kutoa masuke kila nyumba hujenga dungu shambani, kibanda juu ya nguzo ndefu. Watu wanalala juu, mbuzi chini ndani ya uzio wa miti, na ngazi inavutwa juu giza likiingia. Madungu yamepangwa mstari mmoja, kila moja likipata sauti ya mwenzake. Jioni wa kwanza anamwita wa pili, wa pili anaitika na kumwita wa tatu, hata mwisho wa mstari, kisha wito unarudi ulikotoka. Asiyeitika anafuatwa, mvua inyeshe isinyeshe, hata kama mchana mligombana. Na kwa kuwa watu hawa hawawezi kufanya jambo bila utani, ungewasikia:

"Mzee Issa, hujaliwa tu?"

"Nani atakula mifupa? Aanze na wewe mwenye mafuta."

Mjomba wake Somoe, Mzee Chande, alinionyesha nafasi yetu katikati ya mstari. Niliitazama nikaona kushoto Mzee Issa na kikohozi chake, kulia wakwe zangu wote. Nikasema napenda kona ya chini, karibu na kijito, nyuma ya mianzi. Palikuwa pazuri, Zuhura. Mlio wa maji pale ungekufanya uandike mashairi.

"Mkwe," Mzee Chande akasema, "kule sauti haifiki."

"Mjomba, sisi tunataka isifike."

Watu walicheka hata wengine wakaweka majembe chini. Mzee Chande mwenyewe alicheka akafuta machozi, na kesho yake akaja kunisaidia kuchimbia nguzo. Nakuambia hivi ili ujue kwamba hakuna aliyenikataza. Jambo la hatari likivishwa mzaha, watu wazima wote hulifungulia njia lipite.

Somoe alikuja kupatazama. Akazunguka, akapanda juu ya kichuguu, akatega sikio kuelekea kwa nduguze. Kisha akashuka akasema, "Ukipapenda wewe, nami nimepapenda. Mbuzi sijui."

Nilidhani ni maneno ya mapenzi, na kweli yalikuwa ya mapenzi. Alijua jambo, akalipunguza ukali ili lisiikate furaha yangu. Nami nilikuwa nimefurahi kiasi cha kutosikia nusu ya pili ya sentensi.

Siku zetu za kwanza pale sitazieleza, maana wewe ni binti yangu. Itoshe kwamba nilishukuru kwa kila kitu, hata kwa mbu. Kisha nguruwe wakaacha kuja. Mtama ulikuwa mzuri, muhogo umejaa, na hakuna hata unyayo mmoja wa nguruwe asubuhi. Nikamwambia Somoe wametuonea haya, maharusi. Hakucheka.

"Nguruwe haachi shamba bure," alisema.

Baadaye mbuzi wakaanza kukataa kuingia uzioni. Somoe alikuwa akiwaita mmoja mmoja kwa jina, nao wanasimama mbali, wanamtazama, wanatazama mianzi, wanamtazama tena. Aliwaingiza kwa kuwabeba. Alinitazama siku ile kama mtu anayesubiri kuulizwa. Sikumuuliza.

Simba alikuja jioni yenye mvua nyembamba, tukiwa ndiyo kwanza tumevuta ngazi. Sikumwona mzima. Niliuona mgongo wake kupitia nyufa za fito, ukipita chini ya miguu yetu polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Uzio ukavunjika. Mbuzi hawakulia sana. Nikafungua kinywa nimwite Mzee Issa, na mimi niliyekuwa nikisoma kwa sauti mbele ya darasa zima nilitoa sauti ya mtu anayeota. Somoe ndiye aliyeita. Alimwita mjomba wake, akamwita Mzee Issa, akawaita nduguze mmoja mmoja, akapiga sufuria kwa mwiko, akaanza upya. Kila alipomaliza tulinyamaza ili tusikilize. Kilisikika kijito tu, mlio uleule nilioupenda.

Simba alikula chini yetu. Alipomaliza hakuondoka, alilala pale. Baada ya muda alisimama kwa miguu ya nyuma, na fito nilizokalia zikainuka kidogo, kisha zikarudi. Sauti ya Somoe ilikuwa imekauka. Aliendelea kuita bila sauti, midomo tu ikienda, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu. Sikuweza kufanya lolote kwa ajili ya mtu ninayempenda kuliko roho yangu. Palipoanza kupambazuka simba alikwenda zake, akiburuta mguu mmoja wa mbele.

Tulishuka tukapanda hadi kwenye mstari. Mzee Issa alikuwa mbele ya moto wake anakoroga uji.

"Maharusi," akasema, "leo mmewahi. Tulidhani mmetusahau. Jana mlikuwa kimya kabisa."

Somoe alikaa palepale kwenye matope akajifunika uso kwa khanga. Mzee Issa hakuwa na kosa. Alikuwa amelala vizuri, ameamka salama, na uji wake ulikuwa unachemka. Simba namwogopa kama kila mtu anavyomwogopa. Lakini kinachonigutusha usingizini mpaka leo ni uji ule, na uzuri wa asubuhi ile, umbali mfupi namna ile kutoka kwetu.

Ulipokuja kwetu ukauliza mbona mbuzi ni wachache, Somoe alikujibu, "Mnyama." Ukaona hapendi kuendelea, ukaacha. Jumbe alikuwa amepeleka habari Lindi, askari wa Bwana Nyama, yule afisa wa wanyama wa mwituni, akaja na bunduki, akalala huku siku kadhaa, asione kitu, akarudi. Watu wakaanza kusema simba yule ametumwa. Ukishasema simba ametumwa, inabidi umtafute aliyemtuma, na ukimtafuta utamkuta kwa jirani. Wakaanza kutazamana. Nyumba moja ikalihamisha dungu lake ili isisikilizane na nyumba nyingine. Hapo nikaona kwamba pengo lililotokana na mapenzi na pengo lililotokana na chuki ni sawa kwa anayepita gizani. Sisi tulirudi katikati ya mstari, karibu na kikohozi cha Mzee Issa, tukakaa pale hadi mavuno. Kikohozi kile nilikipenda kama adhana.

Sasa nikuambie nilichokiona Namitonga, maana nilikwenda na mumeo kupatazama, na tuliporudi nilikusifia udongo tu. Udongo ni mzuri kweli. Mgongoni yapo mahame ya watu wa zamani, nyumba zimepangwa mstari, mafiga bado yapo, na mipera imezaa hata matunda yanaoza chini. Chini kando ya mto lipo dungu moja peke yake. Paa limeoza, nguzo zimesimama. Nilitafuta ngazi yake majanini nisiione. Nikainua macho. Ilikuwa juu, imelazwa sakafuni, kama ilivyovutwa jioni ya mwisho. Hakuna aliyeishusha tena.

Athumani aligonga nguzo kwa bapa la panga. "Bado ngumu, baba. Hizi zimetupunguzia kazi."

Nikasema ndiyo, ni ngumu.

Kijiti alichokichomeka jana mchangani kiko pale pale lilipo dungu lile. Kwenye kivuko tulikuta nyayo katika tope lililokauka, na moja ilikuwa na mburuzo. Athumani aliziona. Akasema ni za zamani, na huenda ni kweli, maana mvua imekatika siku nyingi.

Utauliza kwa nini sikusema naye palepale. Mimi ni mkwewe. Kumwambia kijana aliyeoa juzi, mbele ya nguzo anazozifurahia, kwamba hapo hataweza kumlinda mkewe, ni kumvua nguo. Angenijibu kwa adabu, na angejenga palepale ili kunionyesha. Mimi ningefanya hivyo. Na ana haki ya furaha yake. Anakupenda, namwona anavyokutazama ukiteka maji, na kila nikimwona naona heri duniani kuna watu wawili wapumbavu badala ya mmoja.

Kwenda nendeni. Shamba letu limechoka, na mkiwa mgongoni na wenzenu Namitonga ni bonde kama bonde lolote. Ninachokiogopa ni ile namna ulivyoinama juu ya ungo jana. Wewe umelelewa na shangazi ambaye hafungi mlango bila kuutikisa. Unajua pale hapafai. Utasema ukipapenda wewe nami nimepapenda, naye atasikia nusu. Somoe ameyasoma maneno haya juu ya bega langu sasa hivi, na hakuniambia niyafute. Amesema tu, "Mwambie asinifuate mimi."

Basi fanya hivi. Kesho kutwa mkifika, kabla nguzo haijaguswa, Athumani na abaki juu na wenzenu. Wapike, wazungumze, wacheke kama kawaida yao, mtu asitege sikio. Wewe shuka hadi kwenye maji, umwite. Usiite kwa nguvu zako zote, maana siku ya haja nguvu zote hazitakuwapo. Ita kama mtu aliyekaukwa na koo. Akishuka mwenyewe bila kuambiwa, jengeni hapo, nami nitakuja kula samaki wenu wa mtoni. Asiposhuka, panda pole pole, ukae karibu naye, na wala usimtaje baba yako. Mwambie, "Nilikuita." Usiongeze neno.

Akilifanyia mzaha, usicheke. Kama moyo wa kubishana huna, wasemee mbuzi. Ni wako wewe, Somoe amekupa wewe mbele ya watu. Ukisema wanalala mgongoni, watalala mgongoni, nawe utalala walipo, na mwanamume aliyeoa juzi halali mbali na mkewe. Namwelewa sana katika hilo.

Chumba chako kimenyamaza, nadhani umemaliza kukunja. Kesho jua likipanda nitakuwa nimetoka katika idadi ya watu wanaoweza kukusikia. Nimelikubali, kwa kuwa ndivyo watoto wanavyoondoka, na nisingependa ukae hapa uzeeke kwa ajili ya masikio yangu. Lakini ukishatuacha sisi, Zuhura, usiwaache na wengine wote.

Mimi baba yako,
Selemani